Macho ya Watu wa Sese

Mwaka 1906 Robert Koch, tabibu wa Kijerumani aliyekuwa amepewa Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alifika Mwanza kuchunguza ugonjwa wa malale, kisha akavuka Ziwa kwenda visiwa vya Sese, Uganda. Huko wagonjwa zaidi ya elfu moja walidungwa dawa ya atoksili, iliyotengenezwa kwa aseniki. Ugonjwa uliporudi, akaongeza kipimo. Wagonjwa wapatao 20 wakapofuka kabisa, maana dawa iliharibu mishipa ya fahamu ya macho.

Sisemi Koch hakutaka kuponya. Malale yalikuwa yameua maelfu kwa maelfu pande zile. Lakini siku hizo neva ya binadamu ilijaribiwa ndani ya binadamu tu.

Tangu mwaka 2013 wataalamu wameweza kuotesha maabarani vijibonge vya chembe hai za ubongo wa binadamu, vidogo kama punje ya mbaazi, na baadhi ya dawa hujaribiwa humo. Kijibonge hakina ini wala moyo, hivyo hakisemi yote. Walakini hakihitaji mtoto wa kukishikia fimbo njiani.

Katika vitabu nilivyosoma, jina la Koch lipo. Majina ya wale vipofu sijayaona.