Safari ambazo hesabu za Marekani hazikuziona

Hebu jiulize, ndugu msomaji: jana ulitoka nyumbani mara ngapi? Ile ya kazini utaikumbuka. Je, ile ya kukimbia dukani kununua mkate? Serikali ya Marekani imekuwa ikiwauliza wananchi wake swali hili tangu 1969, na ukiyapanga majibu kwenye jedwali utashangaa.

Mwaka wa 1969, kila mtu alihesabiwa safari 2 hivi kwa siku. Kufikia 1995 zimekuwa 4.3. Jamani, Wamarekani walianza kuzurura maradufu? Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na namna ya kuuliza. Uchunguzi wa kwanza, ulioitwa NPTS, haukuhesabu safari za miguu wala za baiskeli. Mwaka wa 1990 mahojiano yalifanywa kwa simu, na mtu alijibu kwa kukumbuka tu. Mwaka wa 1995 watu walitumiwa kijitabu cha kuandikia safari zao za siku moja, kisha wakapigiwa simu wasome walichoandika. Safari ndogondogo zikajitokeza! Ikabidi wataalamu wazirudie takwimu za 1990 na kuzipandisha ili zilinganike na mpya. Waandishi wa programu tunalijua balaa hili: ukibadilisha muundo wa data katikati ya mradi, rekodi za zamani hazielewani tena na mpya. Na barabara hupangwa kwa takwimu hizi, kwa hivyo mwenda kwa miguu asiyehesabiwa hatengewi njia.

Mwaka wa 2009 tatizo lilikuwa jingine. Familia zilichaguliwa kupitia namba za simu za mezani, wakati takriban nyumba moja kati ya tano ilikuwa na simu za mkononi pekee, nyingi zikiwa za vijana na wapangaji. Ilipofika 2017 walichagua kwa anwani za posta, na watu wakajibu kwenye wavuti.

Mizigo nayo? Huko ni vibaya zaidi. Baada ya uchunguzi wa 1977, hakuna matokeo ya kitaifa yaliyochapishwa hadi ule wa 1993, ulioitwa Commodity Flow Survey. Huu huuliza viwanda na maghala: mzigo gani, uzito gani, thamani gani, umepelekwa wapi na kwa chombo gani. Ulianza na biashara kama 200,000. Mwaka wa 1997 zikapunguzwa hadi 100,000, na 2002 hadi 50,000, kwa sababu ya pesa. Ukigawanya idadi hiyo kwa majimbo 50, kisha kwa aina za bidhaa, kisha kwa treni, lori na meli, unabaki na visanduku vitupu. Mwaka wa 2007 idadi ilirudishwa kuwa kama 100,000.

Upande wa watu umeenda kinyume: familia karibu 130,000 mwaka wa 2017, chini ya 8,000 mwaka wa 2022. Sasa pengo linajazwa kwa data za simu za mkononi, ambazo zinaonyesha simu ilitoka wapi ikafika wapi, bila kusema mwenyewe alikuwa akienda kufanya nini.