Ujiji: mji uliogeuka pembeni ya Kigoma

Msikilizaji, sisi wa Kakonko tukishuka Kigoma huiona Ujiji kama mitaa ya pembeni, kilomita zipatazo 8 kutoka stesheni. Zamani Ujiji ndiyo ilikuwa mji. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Bagamoyo ilifika ziwani hapo, na hapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Tunasema "Kigoma mwisho wa reli", lakini mwisho wa safari ulikuwa Ujiji kabla reli haijawazwa.

Kilichoiponza ni maji mafupi ufukweni. Ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na mawimbi, kwa hiyo Wajerumani wakafikisha reli huko mwaka 1914. Bandari na ofisi zikafuata. Mwanga ikajaa nyumba katikati, na leo zote ni Manispaa ya Kigoma-Ujiji.