Swali Ndilo Huchagua Mbinu ya Utafiti

MWANAFUNZI mmoja wa uzamili alinijia majuzi akiwa karibu kulia. Pendekezo lake la utafiti kuhusu Sheng lilikuwa limerudishwa. Jopo lilimwambia aongeze takwimu ndipo kazi yake iwe ya kisayansi. "Prof, sasa nihesabu nini?" akaniuliza.

Swali lake lina historia ndefu.

Mnamo 1897, msomi Mfaransa Émile Durkheim alichapisha kitabu kuhusu watu kujiua. Alitumia rekodi rasmi za vifo kutoka nchi mbalimbali za Ulaya, akalinganisha Waprotestanti na Wakatoliki, waliooa na wasiooa. Akaonyesha kuwa jambo tunalolidhania kuwa la mtu binafsi lina sababu za kijamii. Hiyo ndiyo nguvu ya mbinu za kitakwimu: kufichua mwelekeo ambao jicho la mtu mmoja haliwezi kuuona.

Miongo miwili baadaye, kati ya 1918 na 1920, W. I. Thomas na Florian Znaniecki walishika njia nyingine. Walipochunguza wakulima wa Poland waliohamia Marekani, walisoma barua za familia na tawasifu ya mhamiaji mmoja. Walitaka kujua wahamiaji wenyewe waliyaelewaje maisha yao. Huo ni utafiti wa kimaelezo.

Kambi hizi mbili zimevutana miaka mingi. Moja hudai kuwa masimulizi hayapimiki. Nyingine kuwa nambari ni bubu.

Sisi wanaisimu tunao mfano wa kuzipatanisha. Mnamo 1963, William Labov alichapisha utafiti wake kuhusu kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani. Kilikuwa na wakazi wapatao 6,000, lakini kila kiangazi kilifurika wageni zaidi ya 40,000. Labov aliwahoji wenyeji 69, akapima walivyotamka irabu fulani za Kiingereza. Hesabu zikaonyesha jambo la ajabu: matamshi ya kizamani hayakuwa yakifa. Yalikuwa yakipata nguvu, hasa miongoni mwa wavuvi na watu wa makamo.

Kwa nini? Jedwali halikusema. Jibu lilitoka katika mazungumzo. Waliokipenda kisiwa chao na kuchukizwa na wageni walionunua ardhi yao walishikilia matamshi hayo kama kitambulisho. Waliopania kuondoka hawakuyajali. Labov akarudi tena kwenye hesabu, akawapanga watu kulingana na hisia zao kuhusu kisiwa. Hesabu zikaafiki.

Basi nilimwambia hivi mwanafunzi wangu. Ukitaka kujua ni vijana wangapi wanaotumia Sheng darasani, hesabu. Ukitaka kujua kwa nini kijana huiacha Sheng mara tu mamake anapoingia, keti naye, umsikilize. Lakini ukiwahoji vijana kumi pekee, usije ukatuambia kwamba "vijana wa Kenya" wote wako hivyo.

Nasi wasimamizi tujihadhari. Tukimlazimisha mwanafunzi kutia jedwali lisilojibu swali lake, tunamfunza kuremba kazi, si kutafiti. Vivyo hivyo, tusimruhusu aliyeogopa hisabati ajifiche nyuma ya masimulizi. Hakuna mbinu iliyo bora kabla ya swali kuulizwa.