Uzeeni Bila Kiinua Mgongo: Vibarua wa Likoni na Sheria ya Pensheni

Mjadala wa pensheni nchini Kenya huanzia kwa mwajiriwa na mara nyingi huishia kwake. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ilipofungua njia ya kutekeleza Sheria ya 2013 ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, mchango wa shilingi 200 kwa mwezi uligeuzwa kuwa asilimia 6 ya mshahara, hadi kikomo kilichowekwa, na mwajiri akatakiwa kutoa kiasi hichohicho. Mageuzi hayo yalichelewa na yalihitajika. Lakini kwa mzee wa Likoni, Mombasa, aliyebeba magunia bandarini kwa ujira wa siku, au bibi aliyekaanga viazi karai karibu na kivuko miaka yote ya nguvu zake, asilimia 6 ni ya mshahara upi? Hakuna mwajiri aliyemkata, wala wa kumchangia.

Kinachowahusu hawa ni Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha. Tangu 2018 kila Mkenya wa miaka 70 na zaidi asiyepokea pensheni ya serikali anastahili shilingi 2,000 kwa mwezi, bila kupimwa umaskini wake. Huo ni uamuzi mzuri, na wanaotaka turudi kuchuja maskini mtaa kwa mtaa wanakosea. Kasoro iko kwingine: malipo haya yamejengwa juu ya orodha, si juu ya haki. Aliyetimiza miaka 70 baada ya usajili kufungwa alingoja usajili mwingine. Malipo yakichelewa miezi, hana pa kudai; dukani anakopa unga, na deni halingoji Hazina. Kiwango chenyewe kimebaki palepale huku nauli, mafuta ya taa na dawa za presha zikipanda.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya jamaa zake na ya Dola. Kifungu cha 260 kinamtaja mzee kuwa aliyepita miaka 60. Basi miaka kumi kati ya 60 na 70 ni ya nani? Mgongo wa hamali hauifikii 70 ukiwa na kazi. Husemwa kwamba watoto watamtunza. Lakini katika nyumba nyingi za Likoni bibi ndiye anayewalea wajukuu, na hiyo 2,000 hununua daftari kabla ya kununua dawa.

Husemwa pia kwamba fedha hazipo. Zanzibar, yenye uchumi mdogo kuliko wetu, ilianza kuwalipa wazee wake wote wa miaka 70 mwaka 2016 kutoka bajeti yake yenyewe, shilingi 20,000 za Tanzania, kisha ikapandisha hadi 50,000. Na hapa kwetu, tangu mwisho wa 2024, mchango wa pensheni hadi shilingi 30,000 kwa mwezi hautozwi kodi. Mwenye mshahara mnono anayechangia kiasi hicho chote, akiwa katika kiwango cha kodi cha asilimia 30, huachiwa na serikali shilingi 9,000 kila mwezi, zaidi ya mara nne ya anachopewa yule bibi. Serikali inagharimia uzee tayari. Imechagua tu uzee wa nani. Kikomo cha msamaha huo kipunguzwe, na kinachookolewa kishushe umri wa kuanza kulipwa Inua Jamii hadi 65, kisha 60. Kiwango cha malipo kifungwe kisheria na kupanda kwa bei, na tarehe ya kulipa iwe ya lazima kama ilivyo ya mishahara ya watumishi wa umma.