Kilo za Televisheni na Miili ya Butembo na Beni: Kupungua kwa Haraka Kuna Ukweli Gani?

Ikisiri

Makala haya yanachunguza iwapo kupungua uzito kwa kasi kunakoonyeshwa katika mashindano ya televisheni ni jambo la kweli. Yanadai kwamba kilo zinapotea kweli, ila sababu inayotajwa haitoshi: kipindi humsifu mshiriki kwa nia yake, huyasahau mazingira aliyowekwa, na humalizika kabla mwili haujajibu. Dai hilo linapimwa kwa hali ya Butembo na Beni, katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako vita vimewakondesha watu wasiotaka kukonda, na ambako wauguzi wa lishe hufanya kazi kila siku kwa kanuni ambayo televisheni huiacha nje.

Utangulizi

Mwezi Oktoba 2004 kituo cha NBC cha Marekani kilianza kurusha kipindi kiitwacho The Biggest Loser. Watu wanene waliwekwa pamoja mbali na nyumbani, wakala chakula cha kupimwa, wakafanya mazoezi makali na kupanda mizani mbele ya kamera. Aliyepoteza sehemu kubwa zaidi ya uzito wake ndiye aliyeshinda. Mtindo huo ulienea duniani. Nchini Kenya, katika miaka ya 2010, Citizen TV ilirusha Slimpossible, shindano la namna hiyo hiyo. Leo mkaazi wa Butembo hahitaji hata kungoja saa ya kipindi: dekoda ya nyumbani au simu ya mkononi humletea picha za mtu kabla ya kupungua na baada ya kupungua, na nyuma yake tangazo la chai au vidonge vya kukondesha.

Anayeuliza kama mambo hayo ni ya kweli huwa anauliza maswali matatu kwa mara moja. Je, kilo zilipotea? Je, zilipotea kwa sababu iliyotajwa? Je, hazikurudi? Majibu yake hayafanani, na mtazamaji hudanganyika anapolipata jibu la kwanza akadhani amekwisha kujibiwa yote.

Hesabu ya kilo

Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kilokalori 7,700. Anayetaka kupoteza kilo 5 za mafuta kwa wiki moja hana budi kupungukiwa kilokalori 5,500 kila siku. Washiriki 14 wa msimu wa mwaka 2009, ambao baadaye walichunguzwa na wanasayansi, walikuwa na wastani wa kilo 149 mwanzoni, na miili yao ilitumia takriban kilokalori 2,600 kwa siku ikiwa imepumzika tu. Hata mtu wa ukubwa huo akifunga kula kabisa, upungufu huo hautimii bila saa nyingi za mazoezi. Wiki ya kwanza mizani hushuka sana kwa sababu nyingine: akiba ya wanga iliyomo mwilini hushika maji mara tatu ya uzito wake, na akiba hiyo ikitumika maji nayo hutoka. Ryan Benson, mshindi wa msimu wa kwanza, amesema hadharani kwamba alijinyima chakula na maji kabla ya kupimwa mara ya mwisho. Mizani hupima jumla. Haimwambii mtazamaji kilichotoka ni mafuta, misuli au maji.

Hata hivyo, kudai kwamba yote ni uongo ni kukosea. Katika wiki 30 washiriki hao 14 walipoteza kilo 58 kwa wastani. Mshindi wao, Danny Cahill, alishuka kutoka kilo 195 hadi 87 hivi. Jibu la swali la kwanza basi ni ndiyo: kilo zilipotea.

Swali la pili ni gumu zaidi. Mshiriki alipunguziwa shughuli za kawaida za maisha, akapewa mkufunzi, daktari na chakula kilichochaguliwa, huku mbele yake kukiwa na zawadi ya dola 250,000. Tumlinganishe na mama auzaye unga sokoni Butembo, anayeamka saa kumi alfajiri, anayekula kinachopatikana kati ya mteja na mteja, na anayerudi jioni kupikia watu wanane. Kipindi kikimwambia mama huyo kwamba mshiriki alipungua kwa sababu alitaka kwa moyo wote, kinampa sababu moja kati ya nyingi, tena ile ambayo peke yake isingefua dafu.

Mwili hujibu

Kuhusu swali la tatu, ushahidi mzito ulitolewa mwaka 2016. Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha katika jarida la Obesity matokeo ya kuwapima tena washiriki wale 14 baada ya miaka 6. Kati ya kilo 58 zilizopotea kwa wastani, 41 zilikuwa zimerudi. Jambo lililowashtua wengi halikuwa kurudi kwa kilo, bali hali ya mwili wenyewe. Mwisho wa shindano, nishati ambayo miili ilitumia ikiwa imepumzika ilikuwa imepungua kwa kilokalori 610 kwa siku. Ilitarajiwa kwamba uzito ukirudi, matumizi nayo yangerudi. Hayakurudi. Miaka 6 baadaye yalikuwa chini ya mwanzo kwa kilokalori 704, na yalipolinganishwa na ya watu wa umri na umbo kama lao, upungufu ulikuwa karibu 500. Leptini, homoni inayouarifu ubongo kwamba akiba ya mafuta inatosha, ilikuwa imekaribia kwisha siku ya fainali, na baada ya miaka hiyo yote ilikuwa bado haijafika ilipokuwa mwanzoni. Watu hao walielekea kuwa na njaa zaidi huku miili yao ikitumia kidogo zaidi.

Mwili hapo hufanya kama mama mwenye nyumba aliyeona gunia la unga linakaribia kwisha: hupunguza kipimo cha kila siku, na gunia jipya likiingia harudishi upesi kipimo cha zamani, kwa kuwa haijui kesho.

Kanuni hiyo ilikuwa imeshaonekana zamani. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwalisha vijana 36 wa kujitolea kwa takriban kilokalori 1,570 kwa siku, kwa muda wa miezi 6. Lengo lilikuwa kujifunza namna ya kuwahudumia watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa vitani. Vijana hao walipoteza karibu robo ya uzito wao, miili yao ikapoa, mapigo ya moyo yakapungua, na mazungumzo yao yakawa ni chakula tu. Waliporuhusiwa kula, walikula kupita kiasi na mafuta yakatangulia kurudi. Hawakuwa wavivu wala walafi. Walikuwa wamechaguliwa kwa uzima wa mwili na akili. Elimu ya kukonda, kwa hiyo, inategemea pia elimu ya njaa, na hapo ndipo Butembo na Beni zinapoingia katika mjadala huu.

Kanuni ile ile katika vitengo vya lishe

Tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni imeshuhudia mauaji ya raia yasiyokoma. Wakulima wa Mbau, Oicha na Eringeti waliyaacha mashamba ya muhogo, ndizi na kakao, au waliyaendea kwa kuviziana na kifo. Mwezi Juni 2024 Kanyabayonga, kusini mwa wilaya ya Lubero, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na familia nyingi zikakimbilia kaskazini kuelekea Butembo. Mashirika ya misaada hupanga posho ya dharura kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Anayeishi kwa jamaa, kama wakimbizi wengi wa eneo hili, mara nyingi hugawana sahani ambayo haikuwatosha hata wenyeji. Watu hao walikonda kwa haraka, bila mkufunzi na bila kupigiwa makofi.

Mtoto wa familia kama hiyo akipimwa mkono na utepe ukaonyesha chini ya milimita 115, huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali. Akiwa na matatizo mengine hulazwa katika kitengo cha matibabu ya lishe kinachojulikana kwa kifupi kama UNTI. Huko hapewi chakula kingi mara moja. Huanza na maziwa ya F-75, yenye kilokalori 75 tu katika mililita 100, na baada ya kutulia ndipo hupandishwa hadi maziwa ya F-100 au lishe ya karanga ya Plumpy'Nut. Sababu ni kwamba mwili uliokaa na njaa umepunguza kazi za moyo, ini, figo na utumbo. Ukishindiliwa chakula ghafla, madini ya damu huvurugika na mtoto anaweza kufa. Muuguzi anayefuata utaratibu huo anakubali mambo mawili: mwili hubadilika ili kuihimili njaa, na mabadiliko hayo hayafutiki siku chakula kinaporudi. Hakuna anayemtazama mtoto huyo na kumwambia aongeze bidii.

Mtoto wa Oicha na mshindani wa Marekani hawafanani kwa mateso. Mmoja aliichagua njaa, mwingine aliletewa na bunduki. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na njaa ya kuchagua inaweza kukomeshwa wakati wowote. Lakini leptini haisomi nia. Upungufu ukiingia, chanzo chake kiwe zawadi au vita, mwili hujihami. Kama tunaukubali ukweli huo tunapomhudumia mtoto, hatuna sababu ya kuukana tunapomhukumu mtu mzima mnene aliyepungua kisha akanenepa tena.

Kukonda husomwaje hapa

Picha ya televisheni hubeba pia dhana kwamba kukonda ni habari njema kwa kila macho. Mwaka 1985 madaktari waliandika katika The Lancet juu ya maradhi mapya katika wilaya ya Rakai, Uganda, ambayo wenyeji waliyaita Slim kwa jinsi yalivyomkausha mtu. Yalikuwa Ukimwi. Mipaka ya biashara kama wa Kasindi, kati ya Kongo na Uganda, haikuzuia maradhi wala kumbukumbu zake. Ndiyo maana mfanyabiashara wa Butembo akipungua kilo 20 kwa miezi michache, jirani hataanza kwa pongezi. Atauliza kama amepimwa kifua kikuu au sukari, na swali lake lina mantiki ya kitabibu: kupungua kwa ghafla bila sababu inayojulikana ni dalili ya kuchunguzwa. Picha ya ushindi huko Los Angeles huweza kuwa picha ya hatari hapa, na hii ni sababu nyingine ya kutoichukua kasi kuwa kipimo cha afya.

Pingamizi tatu

Wa kwanza atasema kwamba kupungua haraka kuna faida. Ni kweli, kwa masharti. Jaribio la DiRECT nchini Uingereza, lililochapishwa mwaka 2017, liliwapa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili lishe ya takriban kilokalori 850 kwa siku kwa miezi kadhaa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 hawakuwa na kisukari tena bila kutumia dawa. Baada ya miaka miwili, asilimia 36. Lakini walisimamiwa na kliniki zao, walirudishiwa chakula hatua kwa hatua, na walifuatiliwa. Kasi ilikuwa sehemu ndogo ya matibabu marefu.

Wa pili atataja washiriki waliofaulu kubaki na sehemu ya upungufu wao. Nao wapo. Uchunguzi mwingine wa kundi lile lile, wa mwaka 2017, ulionyesha kwamba waliobaki wepesi zaidi ndio waliodumisha mazoezi mengi kila siku kwa miaka. Hilo linathibitisha kwamba kinachobakiza upungufu ni ratiba ya maisha, na ratiba hutegemea muda, usalama wa njia na kipato. Mkaazi wa Beni akikatazwa kutoka nyumbani usiku ukiingia hana uhuru wa kupanga mazoezi kama mtu wa Marekani.

Wa tatu atasema kwamba unene si shida yetu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa Kongo wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Lakini pia ulikuta wanawake wenye uzito uliozidi, karibu asilimia 16, wakiwapita kidogo waliokonda kupita kiasi. Mambo hayo mawili huenda yanahusiana. Utafiti uliofanyika Enugu, Nigeria, na kuchapishwa mwaka 2010, uliwapima watu waliokuwa tumboni au wachanga wakati wa njaa ya Biafra ya mwaka 1967 hadi 1970. Wakiwa na umri wa miaka 40 hivi, walikuwa na shinikizo la damu, hitilafu za sukari na uzito uliozidi kwa wingi kuliko waliozaliwa baada ya vita. Watoto wanaokosa chakula Beni leo wanaweza kuwa wagonjwa wa kisukari wa Butembo kesho. Kuwaambia wakati huo kwamba walikosa nia itakuwa dhuluma ya pili.

Hitimisho

Kipimo kinachowezekana kipo, ila hakivutii kamera. Mwaka 2002 jaribio kubwa la Marekani la kuzuia kisukari liliwawekea watu waliokuwa hatarini lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa nguvu dakika 150 kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 80 hizo ni kilo zisizofika 6. Katika miaka takriban mitatu, hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Milima ya Butembo inatosha kwa matembezi hayo, na kupunguza mafuta ya mawese, sukari na bia hakuhitaji dola 250,000.

Kutokana na hayo, anayetangaza kukondesha watu aombwe kwanza matokeo ya wateja wake baada ya miaka kadhaa, na asiye nayo asiaminiwe. Vituo vya afya navyo viandike uzito wa mtu mzima kila anapofika, kama vinavyofanya kwa watoto, pamoja na kilichobadilika katika maisha yake: amehama, amefiwa, amepoteza shamba, ameanza dawa. Tukifanya hivyo, uzito utakuwa habari ya mazingira na ya mwili kabla ya kuwa hukumu juu ya tabia. Televisheni ilionyesha kwa haki kwamba mwili unaweza kupoteza kilo 100. Ilikosea ilipomfanya mtu mmoja kuwa mwenye sifa zote zilipotoka, na mwenye lawama zote ziliporudi.