Hisabati ya Entebbe

Katikati ya mwaka 1962, miezi michache kabla Uganda haijapata uhuru, walimu na wanahisabati kutoka nchi kadhaa za Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, kuandika upya vitabu vya hesabu vya shule. Hawakukusudia kubadilisha mifano tu, yaani kuondoa matufaha ya Uingereza na kuweka ndizi za Buganda. Walitaka mtoto aache kuimba jedwali la kuzidisha kama kasuku, aanze kuuliza kwa nini jibu limekuwa hilo na si jingine.

Chanzo cha mkutano huo kilikuwa mbali sana na Entebbe. Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik angani, na Marekani ikashtuka kwamba huenda shule zake hazifundishi sayansi ipasavyo. Miongoni mwa waliokuwa tayari kazini ni Jerrold Zacharias, mwanafizikia wa chuo cha MIT, ambaye tangu 1956 aliongoza jitihada za kubadili ufundishaji wa fizikia katika shule za sekondari. Mwaka 1961 yeye na wenzake waliwaalika waelimishaji wa Afrika huko Massachusetts wajadiliane kuhusu shule za nchi zilizokuwa zikipata uhuru. Hisabati ikachaguliwa iwe ya kwanza. Uongozi akapewa William Ted Martin, mkuu wa idara ya hisabati ya MIT, na fedha zikatoka kwenye taasisi ya Ford na serikali ya Marekani. Warsha zikaendelea mwaka baada ya mwaka, na vitabu vikatoka kwa makumi, vya wanafunzi na vya walimu. Vilijulikana kwa jina la mahali vilipozaliwa: Hisabati ya Entebbe.

Walichotaka kukiondoa kilikuwa na sababu zake. Katika shule za kikoloni za Afrika Mashariki, hesabu ilikuwa kazi ya mkono na kumbukumbu: kujumlisha senti na shilingi, kubadili pauni kuwa wakia, kupiga hesabu ndefu za kugawanya bila kukosea. Mitihani ilichuja watoto mapema, na nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Mtoto aliyepata jibu haraka alivuka. Aliyesimama kujiuliza aliachwa. Mwalimu aliyewakaririsha darasa zima kwa sauti moja hakuwa mvivu. Alikuwa akiwasaidia wavuke mlango mwembamba kwa njia aliyoijua.

Vitabu vya Entebbe vilianzia kwingine kabisa. Mtoto wa darasa la kwanza hakuanza na 1, 2, 3. Alianza na vitu: seti ya vikombe huku, seti ya watoto kule. Mpe kila mtoto kikombe chake. Je, kuna mtoto aliyekosa? Kuna kikombe kilichobaki? Kwa kuoanisha hivyo mtoto alijua wapi kuna vingi na wapi kuna vichache kabla ya kutaja namba yoyote, na alijua kwa hoja yake mwenyewe. Baadaye ulikuja mstari wa namba, kisha kanuni: kwamba 27 ukijumlisha na 15 ni sawa na 15 ukijumlisha na 27, na kwamba 6 mara 13 unaweza kuivunja ikawa 6 mara 10 na 6 mara 3. Kuna wakati watoto walihesabu kwa vikundi vya tano badala ya kumi, ili waone kwamba makumi na mamia ni mpango waliouweka watu. Katika sekondari jiometria ilijengwa kwa hatua za kuthibitisha, kila sentensi ikisimama juu ya iliyotangulia.

Ni lazima isemwe wazi: wazo hilo lilikuwa zuri. Liliwaheshimu watoto wa Afrika wakati ambapo wengi bado waliamini kwamba watoto hao wanaweza kukariri tu. Anayelicheka leo kwa sababu ya mwisho wake anasahau lilikuwa likipigana na nini.

Shida ilianza pale kitabu kilipofika darasani. Walimu wengi wa shule za msingi miaka ya 1960 hawakuwa wamesoma sekondari. Tanzania walikuwako walimu wa Daraja C, waliomaliza darasa la nane na kupata mafunzo ya miaka miwili. Kenya walikuwako wa daraja la P3, ambao nao hawakuvuka shule ya msingi. Mwalimu wa namna hiyo alipewa kitabu chenye seti, alama mpya na majina marefu ya kanuni, pengine baada ya semina fupi ya likizo. Yeye mwenyewe hakuwahi kupewa nafasi ya kukwama kwenye swali, kulizungusha na kulifungua. Akafanya alichoweza: akayageuza maneno mapya kuwa ya kukariri. Darasa lililokuwa likiimba mbili mara mbili nne sasa likaimba maana ya seti.

Aliyelichunguza jambo hili kwa karibu zaidi hakuwa Afrika Mashariki. John Gay, mwalimu wa Chuo cha Cuttington nchini Liberia, alishiriki katika mradi wa Entebbe, kisha akajiuliza wanafunzi wake, hasa wale wa kabila la Wakpelle, wanafikirije kabla ya kukutana na kitabu. Akashirikiana na mwanasaikolojia Mmarekani, Michael Cole, na mwaka 1967 wakachapisha kitabu juu ya hisabati mpya na utamaduni wa kale. Cole alikuwa ameambiwa kwamba watoto hao hawawezi hesabu. Lakini alipokwenda kupanda teksi aliona wenyeji wakimshinda kwa kupatana bei, wakichanganya papo hapo umbali, ubovu wa barabara, hali ya matairi na idadi ya abiria.

Wawili hao wakaenda kwenye mchele, maana Wakpelle ni wakulima wa mpunga. Waliwaonyesha watu mchele uliomo kwenye chombo na kuwauliza unatosha vikombe vingapi. Wakpelle watu wazima, wasiojua kusoma wala kuandika, walikaribia jibu kuliko Wamarekani waliokwenda shule. Walikuta pia kwamba kikombe anachotumia mchuuzi kununulia mchele kimegongwa kitako hadi kikatuna kwa nje, ili kibebe zaidi, na anachouzia hakijagongwa. Msomaji wa pwani aliyekua na pishi na kibaba sokoni hahitaji kuelezwa jinsi macho yanavyojifunza kuukadiria ujazo pale riziki inapoutegemea. Na kulikuwa na miiko: kuku na mifugo mingine haikufaa kuhesabiwa kwa sauti, isije ikapatwa na balaa. Darasani hakuna kitabu kilichokuwa na habari ya hayo yote. Fikra za mtoto zilikuwapo, zenye nguvu, na somo lililokuja kumfundisha kufikiri likapita pembeni yake.

Mwaka huohuo wa 1967, mwezi Machi, Julius Nyerere, Rais wa Tanzania, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule ijenge akili yenye kudadisi, uwezo wa kujifunza kutoka kwa wengine na moyo wa kujiamini. Alitaka pia kila shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuona hesabu za mapato na matumizi. Hapa ndipo inaponiuma zaidi kuisoma historia hii. Shamba la shule lingeweza kuwa darasa bora la hisabati nchini: eneo, mavuno, bei, makadirio ya mvua, mgawanyo wa faida. Shule nyingi zikaishia kuwa na jembe asubuhi na seti baada ya mapumziko, bila daraja kati yake.

Mwisho wa Hisabati ya Entebbe ulikuja haraka. Wazazi walilalamika kwamba watoto wanajua majina ya kanuni lakini wanashindwa chenji dukani. Hata Marekani kwenyewe, mwanahisabati Morris Kline alikuwa ameshaishambulia hisabati ya namna hii, iliyoitwa hisabati mpya, kwa kitabu mwaka 1973. Nigeria iliiondoa katika shule za msingi mwaka 1977. Nchini Kenya iliondolewa kwa agizo la Rais Daniel arap Moi mwaka 1981. Pamoja na maji machafu akamwagwa mtoto: vitabu vilivyofuata vilirudisha hesabu za kupiga kwa mkono, na swali la kwa nini likarudi kuwa anasa ya shule chache. Mtihani wa darasa la saba wa Kenya, CPE, ulikuwa wa kuchagua jibu, na karatasi ya namna hiyo haiwezi kumtofautisha aliyefikiri na aliyebahatisha.

Deni la kuliacha swali hilo bado linalipwa. Tanzania, kwa miaka kadhaa kuelekea 2022, katika kila watahiniwa watano wa kidato cha nne ni kama mmoja tu aliyefaulu Hisabati. Kenya, kwa ushirikiano na Japani, ilianzisha mwaka 1998 mradi wa SMASSE, wa kuimarisha hisabati na sayansi, katika wilaya tisa, na mwaka 2003 ukaenezwa nchi nzima. Huo haukuanza na kitabu cha mwanafunzi. Ulianza na walimu wa sekondari, waliokutanishwa wakati wa likizo kuandaa masomo yenye vitendo, kuyafundisha mbele ya wenzao, kuona yalipokwama na kuyarekebisha: nafasi ambayo mwalimu wa Daraja C hakuipata alipokabidhiwa vitabu vya Entebbe.