Akiba ya Maji Juu ya Uwanda wa Makonde

Wamakonde walimsimulia Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyefika Newala mwaka 1906, kwamba baba yao wa kwanza, ambaye mkewe alitokana na sanamu ya mti, aliwausia wanawe wasijenge mabondeni wala karibu na maji makubwa, kwani huko ndiko yatokako maradhi na mauti. Wosia huo ulikuwa na gharama yake. Juu ya uwanda mchanga huinywa mvua yote. Hakuna mto, na bwawa halikai. Aliyeilipa gharama hiyo ni mwanamke, aliyeteremka genge na mtungi mtupu na kulipanda tena akiwa ameujaza.

Waingereza walikuja na jawabu la injini. Katika miaka ya 1950 liliundwa Shirika la Maji la Makonde, likasukuma maji kutoka mabondeni hadi matangi ya juu, kisha likayauza vioskini. Baada ya Uhuru, kumuuzia maskini maji kulionekana ni aibu. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji karibu na nyumba yake, bila malipo. Finland ikasaidia Mtwara na Lindi. Nia ilikuwa njema, lakini pampu hainywi nia, hunywa dizeli. Iliponyamaza, tangi nalo halikukawia kukauka. Sera ya mwaka 2002 ikamrudishia mtumiaji mzigo wa kuchangia.

Hapa pana jambo ambalo historia za miradi hulipita upesi mno. Watu wa Newala hawakungoja. Walichimba mashimo nyuani, wakayasakafia kwa saruji, wakayaelekezea mvua ya mapaa yao, ili maji ya masika yanywewe kiangazi. Hiyo ndiyo sera ya akiba iliyodumu kuliko zote, na haikuandikwa na wizara yoyote. Lakini nayo ilibagua: paa la bati hukinga maji safi, la nyasi halikingi, na asiye na bati alinunua ndoo kwa jirani.

Masasi, iliyo chini upande wa magharibi, ilipata maji ya chemchemi za Mbwinji pamoja na Nachingwea katika muongo wa 2010. Newala imo katika mradi wa miji 28 kwa mkopo wa India, ambao mikataba yake ilitiwa saini mwaka 2022. Maji yatapandishwa tena kutoka bondeni, na injini ndiyo itakayoyapandisha.